Kigari cha Kiti Kimoja

Mdogo wangu alikuwa haangalii nyuma. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wako watu hapa Maskati ambao, wakimtaja, husema alikuwa na kiburi, na mimi nimechoka kuwasikia. Hakuwa na kiburi. Alifundishwa kuendesha gari ambalo nyuma yake hamna kitu. Hamna kiti, hamna abiria, hamna mzigo, ila injini na moshi. Dereva hukaa peke yake katikati, miguu kainyoosha mbele, magurudumu manne yako wazi nje, na kazi yake ni moja tu: aliye mbele yake ampite.

Alijifunza Nairobi. Mama alimpeleka kwa mjomba akasomee ufundi wa magari, arudi Unguja afungue gereji, aoe, tutulie. Mjomba akamtia kwa Kalasinga mmoja mwenye gereji, na huyo Kalasinga ugonjwa wake ulikuwa mashindano. Siku za kazi akitengeneza malori ya watu, Jumapili akikokota vigari vyake hadi uwanja wa mbio. Mdogo wangu alianza kwa kufagia na kushika tochi. Kisha akatiwa kwenye kigari cha wanaoanza, kidude kisicho hata na gea, akawaacha watoto wa Kizungu wenye mavazi kamili huku yeye kavaa viatu vya shule. Akapandishwa daraja la pili, vigari vyenye injini ya kweli. Huko nako mwaka wa kwanza alimaliza nyuma, mwaka wa pili hakuna aliyemshika.

Akija likizo alinisimulia mpaka nikachoka, halafu nikawa sichoki. Nilimshonea mto wa sufi wa kuweka mgongoni, maana kiti kilikuwa bati tupu. Mimi ndiye mkubwa, nimempita miaka minne, na tangu mdogo akipata jambo lazima aje kwangu kwanza. Ndivyo nilivyojua kabla ya baba na mama kwamba Kalasinga ana rafiki Uingereza, anaendesha timu ya vijana, na amekubali kumpa nafasi. Huko ndiko ngazi inakopandiwa. Lakini yule mtu alikuwa na sharti lake: alikuwa hachukui kijana aliyetimiza miaka ishirini na tatu. Mdogo wangu alikuwa na ishirini. Alikuwa na wakati, ila si mwingi.

Basi akaja Unguja kutuaga. Angetuaga kwa barua, leo ningekuwa nasimulia mengine. Alikuja mwisho wa mwaka sitini na tatu, na mwaka ulipogeuka na Unguja nayo ikageuka. Hayo sitaki kuyaeleza, wameyaeleza wengi. Itoshe kusema kwamba katikati ya mwaka sitini na nne tulikuwa Maskati sote wanne, tuna masanduku mawili na cherehani, na pasipoti zetu za Unguja zilikuwa karatasi za kufungia njugu.

Baba alikuwa akituambia kwamba tumerudi kwetu. Babu yake ndiye aliyetoka huku, kwa hiyo kwetu ni huku. Mimi nilitazama yale majabali meusi yaliyotuzunguka, nikatazama lango la mji linavyofungwa jioni, na watu wanavyotembea na taa za mkononi wasije wakakamatwa, nikamwambia baba kama huku ndiko kwetu basi babu alikuwa na akili sana kuondoka. Baba alicheka. Mama hakucheka.

Mdogo wangu yeye alitafuta lami. Siku ya pili tu alitoka asubuhi kuitafuta, akarudi adhuhuri.

"Ipo?" nikamuuliza.

"Kipo kipande," akasema. "Ukitia gea ya pili kishakwisha."

Na hata hicho kipande usingekipita upendavyo. Gari lilitaka ruhusa. Kulileta nchini kulitaka ruhusa, kulinunua kulitaka ruhusa, na kusafiri nje, hilo ndilo lililotumaliza, nako kulitaka ruhusa. Bila ruhusa hakuna pasipoti, na bila pasipoti wewe ni wa hapa mpaka ufe.

Akapata kazi kwa Banyani mmoja mwenye duka la nguo na mchele, akawa dereva wa pikapu yake. Alikuwa akipeleka bidhaa Sib na kurudi. Barabara yenyewe ni pwani: maji yakitoka unapita kwenye mchanga uliolowa, mgumu, unapita Ghubra na vibanda vyake vya makuti, unakwenda mpaka Sib. Ukichelewa maji yanakufuata, ukipanda juu kwenye mchanga mkavu unazama. Alijua haraka. Ndani ya muda mfupi Banyani alikuwa akijisifu kwa wenziwe kwamba dereva wake anatoka baada ya wote na kufika kabla ya wote. Lakini kila aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyekwenda kuchota maji kwa pakacha.

Jioni baada ya Alasiri alipanda darini. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi cha mama, kile cha kukunia nazi, kakigeuza kile chuma upande, miguu kaikaza kwenye ukuta, mikononi kashika sinia. Alifumba macho. Alikuwa akiuzunguka uwanja wa Nairobi, kona moja baada ya nyingine, ule mzunguko wote, tena na tena. Hakutoa sauti. Mabega yalikuwa yametulia, viwiko tu ndivyo vilivyokuwa vikienda. Nilikaa naye nikichambua mchele, na kwa kumtazama viwiko niliujua uwanja ambao sijawahi kuuona. Nilijua kona ndefu, nilijua mteremko. Na nilijua anapotaka kumpita mtu: kiwiko cha kulia kilikuja ubavuni, kikabana, halafu kikaachiwa. Kila kilipoachiwa alitabasamu.

Majirani wakamwambia mama mwanao amepagawa. Mama akawajibu mwanawe anasoma.

Kabla mwaka haujamalizika ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Kalasinga. Yule mtu wa Uingereza ameambiwa yaliyotufika na amekubali kungoja. Nafasi iko mpaka msimu mpya uanze, baridi ya kwao ikiisha. Mdogo wangu aliisoma kwa kusimama, akanipa, akakaa chini. "Dada," akanambia, "nnayo. Bado nnayo."

Sasa ikawa kutafuta ruhusa. Baba aliuliza huku na huku, akaambiwa kwamba mtu kama sisi, aliyekuja jana kutoka Unguja, hapeleki ombi peke yake. Lazima awe na sheikh wa kabila lake atakayesema, huyu ni wetu, namjua, nasimama kwa ajili yake. Neno la sheikh likiwepo ombi hutazamwa, na lisipokuwepo hata anayelipokea haoni haya kulitupa. Sheikh wetu sisi alikuwa na nyumba Sib, huja kukaa miezi ya baridi. Baba alikuwa hajapata kumwona. Alijua jina la kabila tu, kama mtu anavyojua jina la nyota.

Wakaenda, baba na mdogo wangu. Walikunywa kahawa, wakala tende, wakanywa tena kahawa. Sheikh alikuwa mtu wa makamo, mwenye nguvu zake, sauti ya chini. Alimuuliza baba jina la babu, na la baba wa babu, na la shamba, na la mfereji unaolinywesha shamba. Baba alijibu alivyoweza. Mfereji hakuujua. Sheikh akamtazama mdogo wangu.

"Wanasema unajua kuendesha gari."

"Najua."

"Idi inakuja. Mwanangu ana gari, na wewe njoo na la tajiri wako. Mtakwenda pamoja, wewe na yeye, mbele ya watu. Mimi na baba yako tutakuwa juu. Baada ya Idi tutalizungumza hilo lako."

Waliporudi na kutueleza, nyumba ilijaa nuru. Mama alisema sheikh ana akili, anataka kwanza aone kwa macho yake kama huyu kijana kweli ni dereva au mwongo. Nani atasimama kumtetea mtu asiyemjua kazi yake? Sote tuliona hivyo. Baba peke yake alisema sheikh hakutaja mashindano, amesema kwenda pamoja. Mama akamwambia, "Ndo hivo hivo. Magari mawili yakenda pamoja moja hutangulia." Baba hakuwa mtu wa kubishana.

Siku zile chache mdogo wangu alikuwa mtu mwingine. Aliosha injini ya ile pikapu kwa mafuta ya taa mpaka Banyani akacheka. Alikwenda kuukagua uwanja, bonde tambarare nyuma ya mji wa Sib, akautembea wote kwa miguu, akarudi akaniambia mchanga uko hivi, kokoto ziko hapa, mwisho mtu afunge breki mapema. Usiku alilala, jambo ambalo lilikuwa limemshinda tangu tufike.

Asubuhi ya Idi tulikwenda Sib sote. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu, bunduki zinalia, watoto wamevaa nguo zinazometameta. Kwanza walitoka farasi, wawili wawili. Wenyewe wanaita ardha. Farasi wawili huanzia mbali, wanakuja mbio kwa kasi ya kutisha, wapanda farasi wakinyoosha mikono na kushikana, mpaka wanatupita kwa mavumbi. Kisha ngamia, vivyo hivyo. Mimi nilikaa nikiwatazama na nikamwambia mama kwamba farasi wa Sib wanashangaza, wote nguvu zao sawa, hakuna hata mmoja anayemshinda mwenziwe. Mama alisema labda wamewalisha tende moja.

Mdogo wangu hakuona hata farasi mmoja. Alikuwa kule nyuma ya minazi, kichwa ndani ya injini, anasafisha plagi kwa mara ya mwisho.

Bi mkubwa mmoja aliyekaa karibu yangu, mwenye Kiswahili cha kuazima maana alikaa Pemba utotoni, ndiye aliyenifumbua macho. Magari mawili yalikuwa yashawashwa kule mwisho. Nilimwambia kwa fahari kwamba dereva wa gari la kushoto ni ndugu yangu na leo atamwacha mtoto wa sheikh.

Akanigeukia. "Amwache ende wapi?"

"Ampite. Awe wa mwanzo."

"We binti," akasema, "hapa hapitwi mtu. Hawa wenda sawa. Mtu anokwenda sawa na wewe, umkamate mkono, watu wote waone, huyo ndugu yako, huyo amana yako. Ukimpita umemtupa."

Nilisimama. Ningefanya nini? Niliyaona magari yameanza kuja. Juu ya lile la kulia amesimama sheikh, bakora kwapani, kilemba cheupe. Juu ya letu amesimama baba yangu, karani wa forodha, ambaye hajapata kusimama juu ya kitu chochote maishani mwake ila kiti cha kubadilishia globu. Sheikh alinyoosha mkono, na baba akanyoosha wake wa kulia, wakashikana, nyuma ya mdogo wangu, huko asikoangalia. Watu wakapiga kelele za furaha. Na hapo nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Ruhusa ndiyo ile pale. Sheikh alikuwa akiitoa mbele ya watu, mkononi, huyu ni wetu. Kilichotakiwa kwa mdogo wangu ni kutopita tu mpaka mwisho wa bonde.

Yakaja sawa, sawa, sawa. Kioo cha mbele kilikuwa kimeinuliwa na niliuona mkono wake wa kulia vizuri. Nikauona unakuja ubavuni. Nikaona kiwiko kinabana.

Nilipiga kelele jina lake. Nani angesikia?

Aliachia kiwiko na gari likaruka mbele. Baba hakumwachia sheikh. Naapa nilimwona, alikuwa na nafasi ya kumwachia na hakumwachia, akavutwa nyuma, mkono umemnyooka, mpaka ukamgeuza na akaanguka kwa mgongo juu ya mbao za gari. Sheikh aliyumba. Hakuanguka, lakini kilemba kilimtoka, kikapeperuka, na gari la mwanawe likakipita juu.

Mdogo wangu alifika mwisho wa bonde peke yake. Alifunga breki pale pale aliponiambia atafunga, akatoka, akainua mkono juu kama walivyofanya Nairobi. Akabaki ameuinua. Hakuna aliyemkimbilia. Bunduki zilikuwa zimenyamaza. Alitazama huku na huku, akimtafuta mtu wa kumwambia kashinda, na ndipo alipomsikia baba anaugua nyuma yake.

Bega lilitoka mahali pake na mfupa ukapasuka. Mtu wa kuunga mifupa wa Sib alilirudisha siku ile ile, baba akiuma kilemba chake mwenyewe. Baada ya hapo mkono wa kulia haukuinuka tena kupita kifua. Aliandika kwa kuuweka juu ya meza kwa mkono wa pili. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakuachia. Akanambia, "Angedhani mimi ndo nnomwachia, mwanangu. Mtu kanipa mkono mbele ya watu, ntauachaje?"

Sheikh hakutukana, hakufoka. Ningependa angefoka. Siku ya tatu ya Idi mdogo wangu alikwenda kwake akapiga magoti, akaeleza kwamba alidhani ni mashindano. Sheikh akamwinua, akampa kahawa kwa mkono wake. "Wewe hodari," akamwambia. "Hodari sana. Umetuacha wote nyuma." Na lile ombi? Sheikh akasema inshallah. Aliisema kwa utaratibu, huku akiangalia mlango, na sisi tuliokuwa tukilitumia neno hilo kila siku tulijua ni inshallah ya namna gani.

Basi tukaanza kungoja. Sijui niseme vipi kungoja kule. Kila baba alipokwenda Sib na bega lake alirudi na inshallah ileile. Baridi ya Uingereza ikaisha. Kalasinga akaleta maneno kwamba nafasi amepewa kijana mwingine kwa msimu huo, lakini yule mtu amesema mwakani, kama umri bado unaruhusu, atamchukua. Umri ulikuwa bado unaruhusu, kwa mara ya mwisho. Mama alifunga Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa haniambii anafunga kwa nini, na mimi nilikuwa siulizi. Mdogo wangu akaendelea na sinia, lakini sasa alikuwa akikosea. Niliviona viwiko vinachelewa. Alisimama katikati ya mzunguko, akafumbua macho, akaanza upya. "Inanitoka, Dada," akasema. "Ile kona ya pili inanitoka. Siioni tena." Nilimwambia mimi ninaiona. Nikamshika mikono juu ya sinia nikaizungusha kona ile kama nilivyomwona akifanya mara nyingi. Alinitazama, akaweka uso kwenye sinia akalia. Nilitaka kuubomoa mji mzima kwa kucha.

Kiangazi hicho alitoroka. Alikwenda Sib na mzigo kama kawaida, akashusha, halafu badala ya kugeuza akashika pwani kuelekea kaskazini. Wengi walikuwa wakitoka njia hiyo, mpaka Dubai, na huko mtu hupata chombo cha kumfikisha popote. Sisi hatukujua. Jioni gari halikuonekana, Banyani akaja mlangoni, mama akaelewa kabla hajaambiwa. Aliingia ndani, akasimama katikati ya ukumbi, akasema kwa sauti, "Ya Rabbi, mpitishe." Mama yangu, aliyempenda yule mtoto kuliko macho yake, alikuwa akiomba asimwone tena.

Alirudi kesho yake adhuhuri. Aliingia uani, kajaa chumvi usoni, akachota maji akanywa.

"Ulifika wapi?" nikamuuliza.

"Mbali. Nlifika pa kuvuka. Kulikuwa na watu wengine, wamenambia acha gari hapa, twende kwa miguu."

"Sasa?"

"Sheikh hakusimama kwa ajili yangu, Dada. Baba ndo alosimama. Kwa Banyani, kwa lango, kila pahala jina lilowekwa la baba. Mimi nkivuka watamchukua yeye. Nlimwona na lile bega lake, anafungwa kamba."

Baba alikuwa mlangoni amesikia yote. "Ungevuka," akasema. "Ungevuka, mwanangu. Wangenifanya nini mie?" Lakini alikuwa amelishika lile bega lake, na sote tuliona.

Ule msimu wa pili nao ukapita. Akatimiza ishirini na tatu mwezi wa baridi, mama akapika biriani, hakuna aliyekula. Sikumbuki siku aliyoacha kupanda darini. Nakumbuka tu kwamba siku moja mama alikikunjua kile kibao akakunia nazi, na hakuna aliyekuja kukidai.

Miaka iliyofuata aliendesha. Alikwenda Sib, akarudi. Alikuwa akitoka na wenziwe na kufika na wenziwe. Banyani akanambia siku moja, kama anayelalamika, kwamba dereva wake siku hizi anakwenda polepole, mayai hayavunjiki hata moja. Baba alimwombea kazi nyingine, hakutaka. Mama alimtafutia mke, akasema bado. Nilipomchokoza hakunijibu kwa mchezo kama zamani. Alinipisha tu, hata mlangoni, hata kwenye ngazi, daima mwingine atangulie. Nilimchukia kwa hilo, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa na hamu naye na yeye yuko mbele yangu.

Mwaka sabini mambo yakafunguka. Asubuhi moja redio ikasema kuna mtawala mpya, na watu wakatoka njiani wakicheza, lango likaachwa wazi, taa za mkononi zikatupwa. Ndugu zetu waliotawanyika Mombasa, Dubai, Misri, wakaanza kurudi. Magari yakashuka bandarini moja baada ya jingine kama mtu aliyefungua gunia. Mdogo wangu alipeleka ombi la pasipoti, bila sheikh, bila mtu. Akaipata. Alikuja nayo nyumbani akaiweka juu ya meza, na sote wanne tukakaa kuizunguka bila kuigusa.

Kalasinga alikuwa hai. Alipoandikiwa akajibu haraka. Alisema anamshukuru Mungu, na kwamba yule mtu wa Uingereza bado yupo na bado anachukua vijana, vijana tu. Yule aliyeingia kwenye kile kiti amepanda madaraja yote, sasa yuko juu kabisa. Kwake gerejini, akasema, kazi ya ufundi ipo wakati wowote.

"Nende nkawakazie nati wenzangu?" akasema mdogo wangu. Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililonikata maini.

Idi ile sheikh alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Ndevu zilikuwa zimemjaa mvi. Hakutaja la zamani. Alikunywa kahawa, akatikisa kikombe kwamba imetosha, akamwambia baba kwamba kesho kuna ardha, vijana wana magari mapya, lakini yeye angependa kwenda na mtu mzima mwenziwe. Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Utatupeleka?"

Kesho yake nilikaa pale pale nilipokaa. Yule bi mkubwa alikuwa keshafariki. Nilimwona sheikh kule mwisho wa bonde akinyoosha bakora, magari yanabadilishwa upande, letu likawekwa kulia. Sikuelewa mpaka yalipoanza kuja. Alikuwa amelipanga hivyo ili mkono wa baba utakaoshikwa uwe ule mzima.

Walikuja kwa kasi zaidi ya mara ile. Sijapata kuona gari likiendeshwa vile na sitaona tena. Mtoto wa sheikh alikuwa akiyumba, anaongeza, anapunguza, na mdogo wangu alikuwa naye kila pahali, gurudumu kwa gurudumu, kama kwamba yale magari yametiwa mti mmoja. Juu yao wale wazee wawili wameshikana mikono na mikono yao haitikisiki. Wanawake walipiga vigelegele, na mama yangu alikuwa analia na kucheka.

Katikati ya bonde gari la mtoto wa sheikh liliingia kwenye mchanga laini likapungua. Pakafunguka nafasi. Nikatazama kiwiko. Kilikuja ubavuni, kikabana, na mwili wangu wote ukabana nacho.

"Pita!" nikasema. Nilisema kwa sauti, wanawake wakageuka. "Pita, mdogo wangu! Pita!"

Mama alinifinya mkono. Kiwiko kilikaa pale kidogo. Kisha kikashuka taratibu, gari likapungua, likamngoja mwenziwe, na wakaenda sawa mpaka mwisho.

Safari hii watu walimkimbilia. Walimbeba. Sheikh alimbusu kichwani mbele ya wote, na baba alikuwa akizunguka kumwonyesha kila mtu, huyu mwanangu, huyu mwanangu. Alipoachiwa alinijia, kanzu imejaa vumbi, pasipoti imechomoza mfukoni, maana tangu aipate hakuwa akitoka bila hiyo.

"Umeona, Dada?" akaniuliza. "Tumekwenda sawa."

Nikamwambia nimeona.

Jioni tukarudi Maskati kwa njia ya pwani, maji yametoka, mchanga mgumu, hakuna mtu mbele yetu mpaka Ghubra. Baba alikaa mbele, mimi na mama nyuma. Mdogo wangu aliendesha polepole, na kila baada ya muda mfupi aliinua macho akaangalia kioo, kutazama kama bado tupo.